Jibu kwa mwenye laki saba: i7 ya zamani, Office ya "bure" na gharama ambazo muuzaji hazisemi

Mkuu mleta mada, naandika kirefu kwa sababu majibu mengi ya juu yamebishana kuhusu chapa, na chapa hapa ni jambo la mwisho. Kwa faida ya watakaofika baadaye: una 700,000, uko Makorora hapa Tanga, unataka kompyuta moja ya nyumbani kwa watoto wawili wa sekondari na mahesabu ya duka la mama. Umeonyeshwa vitu viwili, desktopu ya i5 kizazi cha tatu na skrini yake, na laptopu ya i7 kizazi cha nne kwa 650,000 "ikiwa na Office na antivirusi bure". Jamaa yako naye anasema ulipie Microsoft 365, yaani Office ya kulipia kila mwaka.

Ningekuwa mimi, nisingechukua hata kimoja kati ya hivyo, na 365 nisingelipia.

Tuanze na hiyo i7, maana ndiyo inayouza. Namba 7 peke yake haikuambii kitu. Soma namba yote ya prosesa (ubongo wa kompyuta): i7-4600U ni kizazi cha nne, ina koa (vichwa vya kufanyia kazi) 2. i5-8250U ni kizazi cha nane, ina koa 4. Hiyo "i5 ya chini" inaizidi "i7 ya juu" kwa mbali, na betri inakaa zaidi. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ukikuta i5-10210U hicho ni cha kumi. Usiridhike na stika iliyobandikwa chini ya kibodi, stika zinauzwa. Bonyeza kulia kwenye This PC, fungua Properties, usome mwenyewe.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha nane? Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya GB 64. Chini ya hapo fundi anaweza kuilazimisha iingie na itawaka vizuri tu, ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka utalazimika kuliingiza kwa mkono. Yaani unakuwa mteja wa kudumu wa fundi. Wenye Windows 10 wamepewa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa masharti fulani ya akaunti. Huo ni muda wa kujipanga kwa mwenye mashine tayari. Anayenunua leo asiuhesabu.

Kwa hiyo ulizia laptopu za ofisi zilizotumika: ThinkPad T480, Latitude 5490 au 7490, EliteBook 840 G5. Zimejaa Kariakoo na zinapanda basi kuja Tanga kila siku. Zote zina nafasi mbili za RAM, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na spea zake mafundi wa Ngamiani wanazijua. Angalizo: majina hayohayo yalitoka pia na prosesa za kizazi cha saba, i5-7300U kwa mfano. Jina la mashine halitoshi, rudi kwenye namba. RAM GB 8, SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256, inatosha kabisa kwa kazi ulizotaja. Bora i5 yenye SSD kuliko i7 yenye diski ya kuzunguka; Windows ya sasa huielemea diski ya kuzunguka kwa asilimia 100 kwa dakika kadhaa kila ukiwasha, na hakuna RAM itakayoiponya.

Sasa ukaguzi dukani, na hapa usione haya. Muuzaji anayekuharakisha mwachie mashine yake.

Zima kabisa, washa huku ukigonga F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Ikidai nywila, achana nayo. Hizi zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, na nywila ya BIOS kwenye mashine hizi haiondoki kwa kutoa kibetri kidogo kama wanavyodanganyana watu. Ukiwa humo tazama kama TPM imewashwa. Wakati mwingine imezimwa tu, muuzaji anadhani mashine haikubali Windows 11. Halafu omba Windows iwekwe upya mbele yako, ikiwa na intaneti. Kama mashine bado imesajiliwa na kampuni ya zamani, mwanzoni kabisa itadai barua pepe ya kampuni hiyo. Hiyo nayo irudishe kwenye rafu.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Linganisha Design Capacity (ujazo wa kiwandani) na Full Charge Capacity (ujazo wa sasa). Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 30,000, betri imebaki asilimia 60, na hapo ndipo pa kuombea punguzo. Namba mbili zikilingana sawasawa na Cycle Count (mizunguko ya kuchaji) ni 0 kwenye laptopu ya 2018, hiyo huenda ni betri ya kopi. Inafanya kazi, lakini usiilipie kama ya asili. Iache iende bila chaja kwa nusu saa hapohapo dukani uone asilimia inavyoshuka. Ikiruka kutoka 70 hadi 20 ghafla, umepata jibu.

Nenda na flashi yenye CrystalDiskInfo, usome afya ya SSD na saa ilizotumika. Fungua picha nyeupe tupu skrini nzima, madoa yatajionyesha. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Nyingine zimetoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana mahali. Unaweza kurekebisha kwa mipangilio, ila herufi zilizochapwa juu hazitabadilika na watoto watachanganyikiwa. Mwisho dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya mashine, na dhamana iandikwe imehusu nini. "Waranti mwezi mmoja" bila maelezo maana yake ni mazungumzo tu.

Desktopu siipondi bure, ina uzuri wake: ni rahisi kutengeneza, na skrini kubwa haichoshi macho. Lakini ya kizazi cha tatu imeshapitwa, na umeme unaongeza gharama kimyakimya. Mashine na skrini yake vikila wati 100 kwa saa 6 kila siku, ni yuniti 18 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya LUKU pamoja na makato, kama shilingi 356 kwa yuniti, hiyo ni karibu 6,400 kwa mwezi, 77,000 kwa mwaka. Laptopu ya wati 20 kwa saa zilezile ni kama 15,000 kwa mwaka. Na kama nyumba yenu iko kwenye yuniti za bei nafuu zinazoishia 75 kwa mwezi, hizo 18 zinaweza kuwatoa humo, mkalipa zaidi hata kwa taa na friji. Bado UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo unaua pawasaplai. Laptopu ina betri, ambayo ndiyo UPS yake. Wewe iwekee gadi ya umeme ukutani tu.

Tuje kwenye "Office ya bure". Mwambie muuzaji afungue Command Prompt, aandike slmgr /xpr. Ikisema "permanently activated", yaani imewezeshwa daima, leseni ya Windows yenyewe huenda ni sawa, kwani nyingi za laptopu hizi zina ufunguo halali ndani ya BIOS na zinajiwezesha zenyewe ukiunganisha intaneti. Ikikupa tarehe ya kuisha ndani ya siku 180, hiyo ni KMS, leseni ya namna ya mashirika iliyoigizwa na kile kiprogramu cha kukrak. Office ya namna hiyo ndiyo unayopewa "bure". Tatizo si maadili peke yake. Ili kiprogramu kile kifanye kazi, fundi huzima kwanza ulinzi wa Windows, na mara nyingi huacha folda nzima imeruhusiwa isikaguliwe. Mlango huo unabaki wazi baada ya fundi kuondoka, kwenye mashine ambayo mama ataingilia benki mtandaoni. Ndiyo maana nasema hata mashine ikija safi, anza kwa kuweka Windows upya, ufunguo wa BIOS utajirudisha wenyewe.

Badala yake weka LibreOffice. Ni bure kihalali, faili lake la kuweka lina MB mia tatu na kitu, unalishusha mara moja na kulibeba kwa flashi. Lawama kubwa dhidi yake ni kwamba "inaharibu mpangilio wa kazi za Word", na lawama hiyo mara nyingi ni ya fonti. Kazi iliyoandikwa kwa Calibri au Cambria, ukiifungua kwenye mashine isiyo na fonti hizo, lazima mistari ihame. LibreOffice inakuja na Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa vipimo vilevile, hivyo kazi nyingi zinakaa sawa. Fonti inayosumbua sasa ni Aptos ya Office mpya. Ukiiona, badilisha kabla ya kupanga kurasa. Kisha nenda Tools, Options, Load/Save, General, uweke docx na xlsx kuwa namna ya kawaida ya kuhifadhi, watoto wasije wakampelekea mwalimu faili la odt (namna ya LibreOffice yenyewe) lisilofunguka steshenari. Cha kuchapisha tu kitume kwa PDF, ugomvi unaisha.

Mahesabu ya duka, yaani manunuzi, mauzo, madeni na faida ya mwezi, Calc inayafanya yote, jedwali egemeo (pivot table) likiwemo. Pale inapokwama ni kwenye makro za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe) na Power Query (zana ya Excel ya kuvuta data). Mhasibu anayepokea faili za ofisi zenye makro, huyo alipie Excel halali na ahesabu ni gharama ya kazi. Bei ya Marekani ya 365 ya mtu mmoja ilipanda mwaka 2025 kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, na Office 2024 ya nyumbani ya kununua mara moja ilitoka mwaka 2024 kwa dola 149.99. Piga hesabu kwa miaka mitatu uone kipi kinakutoa damu. Kwa insha za kidato cha tatu hakuna hata sababu ya kuanza hesabu hiyo, na siku moja moja Word yenyewe ikihitajika, ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti.

Antivirusi ya kulipia acha. Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha, mradi haijazimwa. Adui wa kweli wa mjini ni flashi za steshenari. Ukichomeka flashi ukakuta mafaili yote yamegeuka shotikati, usibofye hata moja na usifomati, kazi zenu zimefichwa tu. Ikague kwanza na Defender, halafu Command Prompt: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yatarudi, kisha futa shotikati. Flashi za ukubwa wa ajabu kwa bei ya chai nazo zijaribu kwa programu ya H2testw. Nyingi zinajitangaza GB 512 kumbe ndani mna 16, na kinachozidi hapo kinapotea bila onyo.

Bando: ukiunganisha kwa hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uwashe Metered connection siku ya kwanza kabisa, la sivyo Windows itakula bando la wiki kwa usiku mmoja. Zima pia OneDrive isipandishe folda ya Desktop na Documents. Nafasi ya bure ni GB 5, ikijaa inaanza kukudai ulipie, na data yako imeshakwenda. Nakala ya mahesabu ya mama iwe kwenye flashi mbili, moja ikae dukani.

Kama umeshaibeba hiyo i7 kabla ya kusoma hapa, si mwisho wa dunia. Weka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, unaohudumiwa hadi 2029. Faili lina karibu GB 3, flashi ya GB 8 inatosha, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukaijaribu kabla ya kugusa diski. Simu ukiiunganisha kwa waya wa USB inatoa intaneti bila kuhangaika na draiva. Ukiongeza RAM hakikisha ni DDR3L ya volti 1.35, si DDR3 ya kawaida, maana laptopu za kizazi kile zinaikataa hiyo ya kawaida.

Na kwa kuwa tuko pwani: usiiweke mezani kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari, hasa ukiwa Raskazone au Chumbageni. Chumvi na unyevu vinakula pini za USB na bearingi za feni kabla kitu kingine hakijachoka. Mashine iliyofungiwa kabatini mwezi mzima inaoza haraka kuliko inayowashwa kila siku, kwa sababu joto lake lenyewe linaikausha. Feni isafishwe na pesti ya prosesa ibadilishwe mara moja kwa mwaka. Ukipuliza kwa blowa, shikilia panga za feni kwa kijiti zisizunguke, na usitumie upepo wa kujazia matairi, unakuja na maji.

Ukipata T480 au 840 G5 ndani ya bajeti, tupia hapa namba ya prosesa na matokeo ya powercfg kabla hujatoa hela, tutakuambia ushushe bei kiasi gani.