Mwanangu, nani amekwenda kukiona?

Lamu, Langoni

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, na ile achari ya ndimu aliyokuahidi ataitia kwenye basi Ijumaa.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema mjukuu wangu amepata B- kidato cha nne, mmefungua kwenye simu ukurasa wa KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, na nyumba nzima mnabishana. Yeye anataka Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, asome viumbe vya baharini na uvuvi. Wewe unataka aende Nairobi akasome biashara. Ukamalizia: "Baba, wewe umeona mengi, kati ya vyuo hivi viwili kipi kina jina zaidi?"

La jina liweke kando kidogo. Mimi nataka kujua nani kati yenu amekwenda kukiona. Picha za kwenye simu sizihesabu. Nauliza ni nani aliyepanda gari, akaingia langoni, akakaa chini ya mti akawasikiliza wanafunzi wakizungumza.

Neno langu unalijua tangu unanishikia misumari kule Matondoni: chombo hakinunuliwi kwa rangi. Jahazi likipakwa rangi mpya kila mtu hulisifu. Mwenye kujua hulala chali mchangani akaingia chini yake, akapapasa mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akagonga mbao moja moja asikie inavyolia, akatia ncha ya kisu kwenye kalafati, pale mianya ya mbao ilipozibwa. Miaka yote niliyounda vyombo sikumwona nahodha mzima wa akili akilipa kabla ya kupita chini.

Nami fundi wa vyombo nililipa chuo kwa rangi.

Habari ya dada yako waijua, lakini waijua kama mtoto wa darasa la nane anavyojua mambo ya nyumbani, kwa vipande. Ilikuwa mapema 1998, matokeo yake ya kidato cha nne yametoka. Akaja bwana mmoja kutoka Mombasa na karatasi nzuri za rangi: chuo cha kompyuta na uhazili, diploma ya miaka miwili, mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa. Kwenye picha kulikuwa na wasichana wamekaa mbele ya mashine, kila mmoja na yake. Nilikuwa nimemaliza jahazi na kupokea malipo ya mwisho. Nikamhesabia ada ya mwaka mzima pale pale barazani, nikapewa risiti.

Mamako aliniuliza neno moja tu: "Umekiona kwa mato yako?"

Nikamwambia njia haipitiki. Na kweli mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu kila kitu, mto Tana umefurika, barabara ya Garsen imekatika. Miaka mingi nimejipa udhuru huo. Lakini mwanangu, ulikuwa msimu wa kaskazi! Upepo unatoka nyuma, jahazi lateremka Mombasa lenyewe. Vyombo vilikuwa vikiondoka hapa kila wiki na manahodha wote ni rafiki zangu. Ningeomba nafasi, nani angenikatalia? Sikwenda kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusema msikitini kwamba binti yangu yuko chuoni Mombasa. Hiyo ndiyo kweli yake.

Chuo kilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la spea. Mashine tatu, moja mbovu. Dada yako aliandika barua wiki ya pili. Ninayo mpaka leo ndani ya sanduku la mkangazi. Aliandika, "Baba, hapa walimu hubadilika kila wiki, na nikiuliza namba yangu ya mtihani naambiwa nisubiri." Mtoto wa miaka 19 alikuwa amekwisha ingia chini ya chombo, amegonga mbao, amesikia. Nami nikamjibu nini? Nikamwandikia kwamba mvumilivu hula mbivu.

Mwezi wa nane akakuta mlango una kufuli. Kwenye Baraza la Mitihani jina lake halikuwahi kupelekwa. Nilimpokea gatini, anashuka kwenye boti ya Mokowe na sanduku lake. Hakunilaumu. Mpaka leo hajanilaumu, na afadhali angenilaumu. Alikaa nyumbani mwaka na nusu kabla hajaanza ualimu wa watoto wadogo, na jinsi wazazi wanavyogombania darasa lake sasa unaona mwenyewe. Lakini ule mwaka na nusu ni mimi niliyemnyang'anya.

Utaniambia siku hizi si kama zamani, nami nakubali. Vyuo vikuu vina tume yake inayoviidhinisha, na vyuo vya ufundi, tangu sheria ya 2013, vina TVETA ya kuvisajili; unaweza kutafuta jina la chuo ukiwa umekaa kitini. Fanya hivyo kabla ya lolote. Chuo cha Pwani nacho si cha kubahatisha: kilianza 2007 chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kikapata hati yake 2013. Lakini usajili wakuonyesha kwamba chombo kina karatasi. Kama kinavuja, hauwezi kukwambia.

Tena alama. C+ ndiyo mlango wa shahada, na B- imepita, alhamdulillahi. Ila kila kozi ina masomo yake inayoyapima na pointi zake, basi tazameni pointi za mwisho zilizokubaliwa mwaka jana katika kozi yenyewe. Na tangu 2023 msaada wa serikali umegawanywa ruzuku na mkopo kwa kutazama hali ya familia, kwa hiyo usichukue hesabu ya mtoto wa jirani ukaifanya yako. Someni karatasi ya ada mpaka mstari wa mwisho, na chumba na chakula vitieni humo.

Sasa hilo jina. Hapa Lamu watu wamekuja kusoma dini kwenye msikiti wetu wa Riyadha zaidi ya miaka 100, kutoka pande zote za Afrika Mashariki. Walikuja kwa sababu ya Habib Saleh, mwalimu aliyeuanzisha. Mtu alifunga safari akijua anakwenda kukaa mbele ya nani, hata jengo hajawahi kuliona. Ndiyo maana nasema uliza ni nani atakayemfundisha. Kisha najipinga mwenyewe: je, Riyadha nayo si jina? Mtu wa mbali aliyelisikia akaja, alikosea? Hakukosea. Jina lililojengwa na walimu ni haki yake. Basi siwezi kukwambia jina ni bure. Nakwambia uliza limejengwa na nini, na kama waliolijenga bado wamo.

Hoja yako ya biashara pia siidharau. Bandari yetu ilipokea meli ya kwanza 2021, na ikikua itataka watu wa hesabu na makaratasi. Lakini bahari nayo ipo. Taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, iko hapo hapo Mombasa tangu 1979, na wavuvi wetu wanalalamika kila siku kwamba samaki wamepungua na hakuna mtoto wa Lamu wa kuwaeleza kwa nini. Unaona? Nimekwisha anza kuamua. Nyamaza, mzee.

Kilifi ni kilomita 60 tu kutoka hapo kwako Mombasa. Nendeni siku ya masomo, msiende siku ya sherehe ambayo kila kitu kimepakwa rangi. Mjukuu wangu atafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi ile ile, amuulize mara ya mwisho waliingia maabara lini, baharini wamekwenda mara ngapi, mazoezi ya kazini walipata wapi na nani aliwatafutia. Nairobi nako fanyeni hivyo hivyo. Ni mbali, najua. Nauli ya treni nitaitoa mimi, na safari hii usinibishie.

Kipi bora? Ninalo jibu, nalo limenifika kwenye ulimi tangu mstari wa kwanza. Sitalisema. Niliwahi kumwamulia mtoto nikiwa nimekaa barazani.

Ila nina ombi moja. Akifika huko anipigie mimi, akiwa bado yuko ndani ya lango, kabla hujampa rai yako. Akisema kuna jambo halikumpendeza, nataka nilisikie mpaka mwisho.

Ni mimi babako.