Mume anameza vidonge kwa siri, nirudi kwetu?

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, naishi Igoma, Mwanza. Mume wangu ni mchuuzi wa dagaa Mwaloni. Tangu mvua inyeshee mzigo wake ukiwa umeanikwa, ukaoza wote, usiku halali, anakaa gizani tu. Juzi nimekuta vidonge ndani ya soksi yake, na kadi ya kliniki ya akili Bugando. Hakuwa amemwambia mtu. Siku hizi asubuhi haamki, mdomo unamkauka, chumbani hanitazami, nahisi amerogwa. Watu wanamwita Mirembe, jina la ile hospitali ya wagonjwa wa akili, nashindwa kupita gengeni. Mama anataka tumpeleke kwa mtumishi wa Mungu. Mama mkwe katoka Ukerewe kaja kumdekeza, anampikia uji na kukaa naye barazani hadi usiku. Vidonge nimevificha kwanza. Nirudi kwetu? Mwenye Aibu.*

Marahaba mwanangu. Pole, kuishi na mtu asiyelala kunachosha. Pole yangu inaishia hapo.

Mumeo alikwenda kliniki kimyakimya, kadi akaificha kwenye soksi, hakumwambia mtu. Sasa hao "watu" wa gengeni wamejuaje? Mirembe iko Dodoma. Yeye alipanda kilima cha Bugando peke yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kadi umeisoma wewe, vidonge umeviona wewe. Ulimwonyesha dada yako, si ndiyo? Naye ana shoga yake hapo gengeni. Jina hilo limetoka chumbani kwako, halafu unakuja kwangu kulia kwamba linakuaibisha.

Unashangaa hakukuambia. Angeanzia wapi, na wewe hata barua umeitia saini ya aibu? Mwanamume akiumwa malaria hutangaza mtaa mzima. Kliniki hii anaingia akitazama nyuma, na wako wanaogeuza njia wakimwona jirani amekaa kwenye benchi. Mumeo hakugeuka. Mzigo umeoza, na sidhani kama ulikuwa wa fedha zake. Mkopo wa kausha damu ninaunusa hata kama barua yako imeuruka. Bado alipata nguvu ya kujieleza mbele ya daktari. Niko upande wake, bila kuficha.

Vidonge mrudishie leo, kabla ya chakula cha usiku, na umwombe radhi. Dawa za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, si Panadol. Huchukua wiki mbili, nne, hata zaidi, ndipo mtu aone nafuu. Ukizikatisha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukatoweka tena, na ugonjwa wenyewe ukarudi. Kuhusu huo uchawi wa mdomo kukauka, soma kiboksi. Kikiwa kimeandikwa amitriptilini, basi mrogaji ni kidonge, na usingizi wa asubuhi ni wake pia. Na hilo la chumbani uliloligusa kwa mafumbo huletwa na sonona yenyewe, wakati mwingine na dawa. Usianze kutafuta mchepuko. Amweleze daktari, dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa.

Maombi sikukatazi. Mtumishi aombe, mgonjwa ameze dawa. Akiwaambia mzitupe, chukueni viatu vyenu mwondoke.

Mkwe wako umemsema sana, lakini uji na baraza umevitaja mwenyewe. Bibi wa watu kavuka ziwa kuja kufanya kazi uliyoikimbia. Mpishe jikoni, mshukuru.

Ndoa za siku hizi bwana! Kichenpati hadi saa sita usiku, vitenge sare, somo anafundisha kiuno na mapishi ya sangara. Hakuna anayemwambia bibi harusi kwamba iko siku mume atakaa kitandani anatazama ukuta, hana jeraha la kufunga wala homa ya kupima. Kanisani wanaapa shida na raha, ugonjwa na afya, huku macho yakiwa kwa mpiga picha. Shida ikija, mtu anauliza nauli ya kwao.

Akisema afadhali afe, au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, usingoje tarehe ya kliniki. Usimwache peke yake, mpeleke Bugando au Sekou Toure usiku huohuo.

Kwenu huendi. Nauli hiyo pandeni nayo daladala siku ya kliniki, wewe na yeye, mkae benchi moja. Na dada yako mwambie Shangazi amesema afunge mdomo.