Kirusi cha Epstein-Barr kinaingiaje kwenye seli isiyo na CD21?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma stashahada ya maabara, mwaka wa pili. Tumefundishwa kuwa kirusi cha Epstein-Barr, cha jamii moja na virusi vya malengelenge, hushika seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, kwa protini yake gp350, nayo hukamata kipokezi CD21. Lakini kirusi hichohicho huambukiza pia seli za koo, na nasoma kuwa nyingi hazina CD21 ya kutosha. Hupitia wapi? Na je, chanjo ya kuziba gp350 haiwezi kumaliza kazi?

Jibu: Marahaba. Umeuliza penyewe. Mafundisho mengi huishia kwenye kushika, ilhali kushika si kuingia. Mashua iliyofungwa kamba gatini bado haijashusha mzigo.

Tuanze na seli B. gp350 ni ndefu na ndiyo iliyo nyingi zaidi juu ya kirusi, kwa hiyo hufika mwanzo. CD21 yenyewe ina kazi yake halali: hupokea C3d, kipande cha komplementi (protini za kinga zilizomo kwenye damu) kinachobandikwa kwenye vijidudu ili seli B ivitambue. gp350 hukaa palepale C3d inapokaa. Seli humeza kirusi ndani ya kifuko cha utando, na hapo kirusi bado hakijafika kwenye saitoplazimu, ute wa ndani ya seli. Sasa ni zamu ya gH na gL, protini mbili zilizoshikana, zikiwa zimebeba ya tatu iitwayo gp42. Hii gp42 hushika HLA daraja la pili, molekuli ambayo seli B huitumia kuzionyesha seli T, chembe nyingine za kinga, vipande vya vijidudu. Mshiko huo ndio unaoamsha gB. Nayo gB hubadili umbo, huchomeka ncha zake kwenye utando wa seli, kisha hujikunja na kuuvuta utando wa kirusi hadi uungane na wa seli. Watafiti walipotengeneza kirusi kisicho na gp42, kilishika seli B vizuri tu, lakini hakikuingia.

Seli za koo kwa kawaida hazina HLA daraja la pili, kwa hiyo gp42 haina cha kushika huko. Kibaya zaidi kwa kirusi, gp42 ikiwa imekaa juu ya gH na gL huzizuia zisifanye kazi yao nyingine. Kazi hiyo ni kushika EphA2, kipokezi kilicho juu ya seli za koo, kilichotambuliwa mwaka 2018 na makundi mawili ya watafiti. gH na gL zikiwa peke yake hushika EphA2, gB ileile inaamka, na mlango unafunguka bila CD21.

Kwa hiyo kirusi kinahitaji gH na gL za namna mbili: zenye gp42 na zisizo nayo. Mimi naona hapa ndipo penye uzuri wa biolojia hii. Kirusi kikizaliwa ndani ya seli B, gp42 nyingi hunaswa na HLA ya seli hiyo na kuharibiwa kabla kirusi hakijakamilika. Kinatoka na gp42 chache, tayari kwa seli za koo. Kikizaliwa kooni, ambako HLA hiyo haipo, kinatoka na gp42 tele, tayari kwa seli B. Seli kilikotoka ndiyo inayokielekeza kiendako. Ndiyo maana pia kirusi kimoja huhusishwa na saratani za seli tofauti kabisa: ile ya nyuma ya pua hutokana na seli za utando (zinazofunika nyuso za ndani za mwili, zikiwemo hizi za koo), na ile ya Burkitt hutokana na seli B. Hii ya pili inatugusa kwetu. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, na ni katika sampuli zilizosafirishwa kutoka huko hadi London ndimo Epstein, Achong na Barr walimoona kirusi hiki kwa hadubini ya elektroni, wakatangaza mwaka 1964.

Sasa chanjo. Ya gp350 ilijaribiwa kwa vijana 181 ambao hawakuwa wameambukizwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Homa ya tezi, ugonjwa unaoletwa na kirusi hiki, ilipungua kwa asilimia 78, jambo kubwa, lakini maambukizi yenyewe hayakuzuilika. Ukifuata maelezo ya juu hutashangaa. Hata kirusi kilichoondolewa gp350 kabisa maabara kiliweza kuambukiza seli B, kwa shida zaidi, na seli za utando pia.

Ndiyo sababu watafiti wengi sasa wanalenga gH, gL na gB, ambazo hakuna njia inayozikwepa. Mwaka 2018 ilielezwa kingamwili iitwayo AMMO1, iliyotolewa kwa mtu mwenye maambukizi. Hushika gH na gL, na maabara ilizuia kirusi kuingia kwenye seli B na kwenye seli za utando pia.