Kabla ya kutia sahihi "akiba" ya kupunguza watumishi

Swali: Salamu, mshauri. Mimi ni afisa wa fedha katika idara moja ya wizara hapa Nairobi. Tumearifiwa kwamba idara yetu itaunganishwa na nyingine, na nafasi 40 za ngazi za chini (makarani, madereva, wahudumu wa ofisi) zitafutwa. Mshauri aliyeletwa ametupa jedwali linaloonyesha kwamba tutaokoa mishahara ya miezi 12 kuanzia mwaka wa kwanza. Bosi anataka nitie sahihi makadirio hayo kabla ya bajeti ya nyongeza. Nahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila sijui nianzie wapi. Je, gharama halisi hukokotolewaje?

Jibu: Usitie sahihi.

Tangu Januari 2025, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mashirika 42 ya umma yaunganishwe yabaki 20 na mengine 25 yavunjwe, maswali kama lako hayaniishi. Na jedwali ni lile lile: idadi ya watu, mara mshahara, mara 12, halafu chini kabisa neno "akiba" kwa herufi nzito. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mshauri hulipwa kwa zile ambazo mtoto huyo haziwezi, na hizo ndizo hakuzigusa.

Mchukue karani mmoja tu katika hao 40. Tuseme ana miaka 52, amefanya kazi miaka 22, mshahara wa msingi ni shilingi 40,000, na ukiongeza nyumba na nauli anafika 56,000. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Siku 15 mara 22 ni siku 330, yaani miezi 11: shilingi 440,000. Mwezi mmoja wa notisi, 40,000. Likizo alizonyimwa kwa sababu "ofisi ina shughuli nyingi" nazo hulipwa taslimu. Akiwa na siku 45 ni 60,000. Jumla 540,000, na huyu ni mtu mnayedai mmeacha kumlipa. Mishahara yake ya msingi ya miezi 13 na nusu imeshatoka kabla idara haijaokoa hata ya soda.

Hapo hatujafika kwenye pensheni. Kama alikuwa ametimiza miaka 45 mfumo mpya wa kuchangia ulipoanza Januari 2021 na hakuchagua kuhamia, yumo bado katika utaratibu wa zamani. Nafasi yake ikifutwa, hangoji miaka 60: pensheni inaanza. Kanuni yake unaijua, sehemu moja ya 480 kwa kila mwezi wa utumishi. Miezi 264 inampa asilimia 55 ya mshahara wa msingi wa mwaka (480,000), yaani shilingi 264,000 kwa mwaka. Akichukua robo kwa mkupuo, kama wanavyofanya karibu wote, robo hiyo huzidishwa mara 20: shilingi 1,320,000. Kisha 16,500 kila mwezi. Weka pamoja yote ya mwaka wa kwanza unapata zaidi ya milioni 2 kwa mtu ambaye, angeendelea kukaa kwenye kiti chake, angewagharimu 672,000.

Najua mshauri wenu atajibu nini: pensheni ingelipwa tu siku moja. Kweli. Lakini ingelipwa baada ya miaka minane, na katika miaka hiyo angekuwa anafanya kazi. Atasema pia kwamba pensheni haitoki kwenye fungu la wizara yenu. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo hila yenyewe. Pensheni hutoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kitabu cha wizara kinapendeza huku cha Hazina Kuu kikivuja. Ni kutoa mfuko wa kulia ukatia wa kushoto, kisha ukamwambia mkeo umeweka akiba. Makadirio yako yawe na safu mbili, moja ya wizara na moja ya serikali nzima. Bosi akikuuliza ya pili ni ya nini, mwambie wabunge wa Kamati ya Bajeti wanaipenda.

Kuna kosa jingine ambalo limenichosha, na nina hakika limo kwenye hilo jedwali hata kama sijaliona. Washauri hawa husoma kifungu cha 35 cha Sheria hiyo hiyo ya Ajira kinachosema mtu aliye kwenye mpango wa pensheni au NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hapati malipo ya utumishi, kisha wanafuta safu nzima ya malipo ya kupunguzwa kazi. Hayo ni malipo mawili tofauti. Ya kifungu cha 35 ni ya mtu anayeacha kazi kwa njia ya kawaida. Ya kifungu cha 40 ni ya mtu ambaye kazi yake imefutwa bila kosa lake, na hayo hayaondolewi kwa sababu ana pensheni. Ukiona jedwali ambalo safu hiyo ni sifuri kwa watumishi wote wa kudumu, rudisha karatasi na usilipe ankara.

Sasa nenda masjala. Usikadirie miaka ya utumishi kutoka kwenye mfumo wa mishahara, fungua mafaili. Utakuta barua ya kwanza ya kuajiriwa haipo, au ipo lakini tarehe imefifia, na mfumo unasema 2003 ilhali mwenyewe ana stakabadhi za kibarua za tangu 1998. Miaka hiyo mitano ya kibarua ndiyo kesi. Kila mwaka unaoongezeka ni nusu ya mshahara wa mwezi, zidisha kwa watu ambao mafaili yao yana tundu kama hilo. Nimeona zoezi zima likikwama miezi kwa sababu hakuna aliyejua dereva fulani alithibitishwa kazini lini, na dereva mwenyewe ndiye pekee aliyekuwa na nakala.

Kuhusu taratibu sitakaa sana, maana chama cha wafanyakazi kitawakumbusha bure. Chama na afisa wa leba waandikiwe angalau mwezi mmoja kabla, na asiye mwanachama aandikiwe mwenyewe. Uteuzi ufuate muda kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu, si nani anaamkiana na mkurugenzi. Katiba, ibara ya 236, inamlinda mtumishi wa umma asiondolewe bila kufuata haki. Mkiruka hatua, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kuwapa watumishi hao hadi mishahara ya miezi 12 kila mmoja. Kwa karani wetu ni 672,000. Kwa watu 40 wa kiwango chake ni karibu milioni 27, mbali na ada za mawakili. Iweke kwenye makadirio kama hatari, pamoja na uwezekano wake. Kuiacha nje ndiko kunakoitwa kudanganya.

Mtakapoogopa kesi, kuna mtu atasema: basi tufanye kwa hiari. Wakenya tulishafanya. Mpango wa kustaafu mapema kwa hiari ulianza 1994, ukilenga ngazi za chini, A hadi G, na kwa miaka michache watumishi zaidi ya 40,000 wakaondoka. Waliochukua haraka ni wale waliokuwa na pa kwenda: fundi mwenye wateja wake, mpimaji aliyekuwa akifanya kazi za nje Jumamosi, mpiga chapa aliyejua kompyuta wakati kompyuta zilikuwa za kuhesabika. Mnawalipa watu wenu bora waende zao, na mnabaki na wale ambao hakuna mwingine angewaajiri. Na bili ya mishahara? Haikutulia. Mwaka 1997, uchaguzi ukinukia, serikali ikakubali nyongeza kubwa kwa walimu baada ya mgomo. Ikashindwa kuitimiza, na 1998 walimu wakagoma tena. Mwaka 2000, Richard Leakey akiwa mkuu wa utumishi wa umma, ukaja mzunguko mwingine, safari hii wa lazima.

Uganda nao katika miaka hiyo ya 90 walipunguza orodha ya watumishi kwa zaidi ya nusu, na mfano huo hutajwa katika kila semina. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya walioondolewa walikuwa wafanyakazi hewa. Mfanyakazi hewa hana notisi, hana likizo, hana chama. Kabla hamjafuta karani hata mmoja, wahesabuni watu kwa macho, kila mmoja na kitambulisho chake. Hiyo ndiyo akiba pekee ninayoijua isiyo na gharama ya kuachisha, na ndiyo ambayo washauri hawaipendi, kwa sababu haina ada nono.

Halafu uliza nani atafanya kazi za hao 40. Jedwali halisemi. Madereva wakiondoka, idara hukodi teksi. Wasafishaji wakiondoka, kampuni huletwa kwa zabuni. Matumizi yanahama kutoka fungu la mishahara kwenda fungu la bidhaa na huduma, ambako hayaonekani mtu anapouliza bili ya mishahara ni asilimia ngapi. Kaunti zimeujua mchezo huu vizuri kwa sababu kanuni za fedha za umma za 2015 zinazitaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Na wale wenye ujuzi hasa hurudi kwa mlango wa nyuma wakiwa na mkataba na bei mpya. Hili si la Afrika peke yake: England ilipopanga upya huduma yake ya afya mwaka 2013, maelfu ya watu waliolipwa ili waondoke waliajiriwa tena na taasisi nyingine za huduma hiyo hiyo.

Kuunganisha nako kuna bei yake hata kama hakuna anayeondoka. Idara mbili zikiwa na viwango tofauti vya marupurupu, hakuna atakayekubali kushuka, na huwezi kumshusha mtu peke yako bila ridhaa yake. Kwa hiyo wa chini hupanda. Waulize waliokuwa kaunti mwaka 2013, waliporithi watumishi wa mabaraza ya miji na wa wizara kwa pamoja, kisha wakaongeza wao wenyewe. Tafuta payslip mbili za ngazi moja, moja kutoka kila idara, uziweke pembeni kwa pembeni. Tofauti ya marupurupu peke yake, mara idadi ya watu wanaobaki, inaweza kumeza chote mnachodhani mmeokoa kwa hao 40.

Ukiwa na payslip hizo mkononi, tazama pia makato. Sheria hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, na utakuta wengi wamefika ukingoni: mkopo wa sacco, mkopo wa benki, karo. Siku mshahara unapokatika, sacco hushika akiba zake, kisha hugeukia wadhamini, ambao ni wenzake waliobaki ofisini. Haitaingia kwenye makadirio yako, lakini itaingia kwenye ofisi yako.

Na kwa wengine wote mnaosoma haya mkiwa kwenye orodha kama hiyo, kwa sababu najua mpo. Notisi ikitoka tu, huwa wanatokea watu wa kupiga simu. Mmoja atadai anaweza kutoa jina lako kwenye orodha kwa kitu kidogo. Mwingine atajitolea "kufuatilia" faili lako la pensheni kwa asilimia fulani. Hakuna faili linalosukumwa kwa asilimia. Piga nakala ya barua yako ya kwanza ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa, rekodi ya likizo na payslip tatu za mwisho, leo, kabla masjala haijahamishwa kwenda jengo jingine. Dai siku zako za likizo kwa maandishi ukiwa bado ndani. Na usitie kidole kwenye karatasi yoyote inayosema "sina madai zaidi" mpaka uione hundi.