Kizazi "kilichogeuka" hakirudishwi kwa kukandwa

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Makorora hapa Tanga. Nimepoteza mimba tatu. Mbili zilitoka wiki ya nane au tisa. Ya tatu ilikuwa ya miezi mitano, chupa ikapasuka usiku bila uchungu wa maana. Altrasaundi iliandika kizazi kimelala nyuma, kisha eksirei ya rangi ikaandika kina pembe mbili. Mama mkwe amenipeleka kwa bibi mkandaji, anasema kizazi kimegeuka na atakirudisha kwa siku saba, halafu ninywe unga wa kukisafisha. Nikubali?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usikubali. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba daktari amekataza, lawama nitabeba mimi.

Karatasi zako zinasema mambo mawili tofauti, na mkandaji ameyafanya moja. Kulala nyuma ni mkao tu. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano kizazi chake kimelala hivyo, na mimba ikifika wiki ya 12 hadi 14 kwa kawaida huinuka chenyewe kutoka kwenye nyonga. Hilo halikukutoa mimba. Pembe mbili ni umbo, na umbo lako liliumbika ukiwa tumboni mwa mama yako, kabla mimba iliyokubeba wewe haijavuka nusu. Kizazi huanza kama mirija miwili inayoungana, kisha ukuta wa katikati unayeyuka. Isipoungana sawasawa unapata pembe mbili. Ikiungana lakini ukuta ukabaki, unapata kizazi chenye ukuta. Mkono gani wa mkandaji utaunga kilichoachana miaka 29 iliyopita?

Tena hata hizo pembe mbili sizikubali bado. Eksirei ya rangi huonyesha ndani tu. Fikiria mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba: anaona vyumba viwili, lakini hawezi kujua kama paa limebonyea katikati au limenyooka. Paa, yaani sehemu ya juu ya kizazi kwa nje, likibonyea ni pembe mbili, na mara nyingi hatupasui. Likinyooka ni ukuta, na ukuta ndio unaohusishwa zaidi na mimba kuharibika. Omba altrasaundi ya pande tatu au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku). Anzia Bombo, hospitali ya mkoa, uulize watakuelekeza wapi. Wapime na figo, kwa sababu figo na kizazi huumbika pamoja na hitilafu zao mara nyingine hufuatana.

Ikionekana ni ukuta, unaweza kukatwa kwa kamera kupitia ukeni bila kupasua tumbo. Lakini usikimbilie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa wanawake wachache, haukuonyesha kwamba kuukata kunaongeza watoto wanaozaliwa hai. Uamuzi huo ukae na daktari anayeujua.

Mimba mbili za mwanzo huenda hazikuhusiana na umbo kabisa; karibu nusu ya zinazotoka mapema hutokana na kasoro za kromosomu. Hata hivyo, kwa aliyepoteza tatu, tunapima pia damu inayoganda ovyo (hiyo ina dawa), tezi ya shingo na sukari. Ile ya miezi mitano ndiyo inayonishughulisha zaidi. Chupa kupasuka bila uchungu hunifanya nifikirie mlango wa kizazi uliolegea, na mlango huo unaweza kushonwa. Ukishika mimba tena, njoo mapema. Tutapima urefu wa mlango kuanzia wiki ya 16 au kabla.

Sasa huo unga. Nimempokea binti tumbo likinuka mafuta ya nazi, alama za vidole vinne zikionekana chini ya kitovu. Alikuwa na mimba ya wiki kumi na hakujua. Alikandwa siku tatu "kuondoa chango", akaja anatoka damu, kanga yake imelowa mpaka magotini. Pochini alikuwa na pakiti ya unga isiyo na jina wala tarehe, aliyouziwa kwa simu na mtu ambaye hajawahi kumwona. Kizazi si sufuria. Kila mwezi hujisafisha chenyewe kwa hedhi, na hakuna unga unaoyeyusha ukuta wa nyama.

Na nisiwaonee wakandaji peke yao. Hospitalini nako tunasema "kusafisha" tukimaanisha kukwangua, na wapo watoa huduma wanaokwangua kila mimba iliyotoka, hata ile iliyotoka yote. Kukwanguliwa mara kwa mara kunaweza kuacha makovu, kuta za kizazi zikashikana, na hilo nalo huharibu mimba zinazofuata. Mtu akikwambia usafishwe, muulize kwanza ameona nini ndani, na akuonyeshe kwenye altrasaundi.