Wasomaji Wanauliza: Nyuzi Ngapi za Zafarani kwa Mama Kijacho?

SWALI: Habari za kazi. Nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga na kipakiti cha zafarani, na kila usiku ananitilia kwenye maziwa ya moto. Anasema itaniongezea damu na mtoto atazaliwa mweupe. Jirani ananiambia niache haraka, zafarani inatoa mimba. Nimsikilize nani?
*Mama kijacho, Majengo, Moshi*

JIBU: Hongera, mama. Wote wawili wanaitaja zafarani ileile, ila kila mmoja ana kipimo chake kichwani. Kiasi cha kukolezea chakula hakijulikani kumdhuru mjamzito. Kinachotisha ni kuila kwa gramu, kwa sababu ikizidi huifanya misuli ya mji wa mimba ijikaze. Mtu mzima asiye na mimba huvumilia hadi gramu 1.5 kwa siku. Ikifika gramu 5 huanza kuwa sumu, na gramu 10 zinaweza kutoa mimba. Hapo jirani yako hakukosea.

Sasa piga hesabu. Ua moja la mzafarani hutoa nyuzi 3 tu, na kilo moja ya zafarani kavu hutaka maua kama 150,000. Ukigawanya, uzi mmoja una miligramu 2 na kidogo. Nyuzi 5 kwenye glasi ni kama miligramu 11, wakati gramu 5 ni nyuzi zaidi ya 2,000, na hakuna mkwe atakayekutilia nyuzi 2,000 kwa bei ya zafarani ilivyo! Anayeweza kuzidisha ni yule anayetumia unga. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa zafarani kina mamia ya nyuzi zilizosagwa. Kwa hiyo mwambie mama mkwe ahesabu nyuzi, asichote kwa kijiko.

Nyuzi 4 hadi 6 zinatosha. Zisage kwa sukari kidogo, ziloweke kwenye vijiko viwili vya maji ya moto (yasiwe yanatokota) kwa dakika 15, halafu mimina vyote kwenye maziwa yaliyokwisha kuepuliwa. Ukizichemsha pamoja na maziwa, harufu yote inaishia jikoni. Glasi moja kwa siku usiizidishe, na si lazima iwe kila siku. Katika miezi mitatu ya kwanza ni busara kuacha glasi hiyo kabisa; sahani ya biriani ya sikukuu haina neno. Na kama umewahi kuharibikiwa na mimba, unatokwa damu, kondo la nyuma limekaa chini, au unameza dawa za presha, za sonona au za kuzuia damu kuganda, muulize kwanza muuguzi wa kliniki.

Kuhusu damu, mama mkwe amepotea njia. Gramu 100 za zafarani zina miligramu 11 hivi za madini ya chuma. Ili upate miligramu 1 tu ungelazimika kula gramu 9, na huko tumeshaona kuna nini. Mjamzito anahitaji miligramu 30 hadi 60 za nyongeza kila siku, na hizo zimo kwenye vidonge vya FEFO unavyopewa kliniki. Tena maziwa huzuia chuma kisifyonzwe vizuri, na chai pia, kwa hiyo usimezee FEFO kwa hayo maziwa ya zafarani. Acha saa mbili katikati. Mezea maji, au juisi ya chungwa. Kwenye sahani weka mnavu, maharage na dagaa, kamulia limau.

Weupe nao haumo kwenye glasi. Rangi ya ngozi mtoto hurithi kwa baba na mama, na watoto wetu wengi huzaliwa weupe kisha rangi hukolea katika wiki za mwanzo. Ndiyo maana bibi zetu hutazama masikio ya kichanga kwanza.

Jambo ambalo hukuuliza: maziwa yenyewe yanatoka wapi? Kama ni ya ng'ombe wa jirani, hakikisha yamechemka hadi yakapanda. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, na ugonjwa huo unaweza kuharibu mimba. Kwa mjamzito hilo ni la kuogopwa kuliko nyuzi tano za zafarani.

SWALI: Nilimnunulia mke wangu zafarani ya bei nafuu sokoni. Nilipoitia majini, maji yakawa mekundu papo hapo. Ni yenyewe?
*Baba mtarajiwa, Njiro, Arusha*

JIBU: Sio. Zafarani halisi haina haraka. Maji huanza kuwa ya manjano ya dhahabu polepole, dakika 10 hadi 15, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia humwaga rangi nyekundu mara moja, kisha uzi unapauka. Onja pia: halisi inanukia kama asali na nyasi kavu lakini ulimini ni chungu, ikiwa tamu, imepakwa kitu. Utazame uzi, ncha moja hupanuka kama tarumbeta. Zinazouzwa kwa jina lake mara nyingi ni nywele za mahindi au maua ya kartamu yaliyotiwa rangi. Ule unga wa rangi ya biriani ambao wengine huuita zafarani ni rangi ya chakula tu. Hiyo uliyonunua usimpe mama, kwa sababu hujui imetiwa rangi gani.

SWALI: Nina wiki 39. Nimeambiwa ninywe zafarani nzito ili uchungu uanze. Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa kupasuliwa.
*Sakina, Arusha*

JIBU: Usinywe, mama. Uchungu wa kulazimishwa nyumbani hauna kipimo wala anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na mwenye kovu la upasuaji anaweza kupasuka mji wa mimba. Hilo linahusu zafarani nzito na dawa zote za mitishamba za kuongeza uchungu. Wiki 39 hujachelewa. Mimba nyingi huishia kati ya wiki 37 na 42, na wewe mwenye kovu mpango wa kujifungua unapaswa kuwa umeandikwa kwenye kadi yako. Kama haupo, nenda kesho asubuhi hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Mount Meru, ukaupange. Usingoje kesho ikiwa chupa imepasuka, unatokwa damu, kovu linauma, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, au mtoto amepunguza kucheza.