Fonti ipo kwangu, kwa kijana wangu haipo

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni dada mwenye stesheneri ndogo hapa Tandika, tunatengeneza kadi za mchango na za mwaliko. Nimepakua fonti ya mwandiko wa mkono nikaisakinisha kwenye kompyuta yetu ya mezani, Windows 10. Kwangu inafanya kazi vizuri, lakini kijana wa zamu ya jioni akiingia kwa akaunti yake haioni. Halafu juzi nimepeleka kadi Kariakoo kwa flashi ikachapwe, jina la bibi harusi likatoka kwa herufi za kawaida kabisa, na namba ya kutumia mchango ikakatika, nusu yake mstari wa chini. Fonti ni mbovu, au kompyuta?

JIBU: Marahaba, dada. Fonti ni nzima na kompyuta ni nzima. Faili la Word kwa kawaida halibebi fonti, linabeba jina lake tu. Likifunguliwa kwenye mashine nyingine, Word inaitafuta fonti yenye jina hilo. Ikiikosa inaweka nyingine badala yake. Herufi za badala zikiwa pana kuliko zako, mstari unajaa mapema na kilichobaki kinashuka. Ndivyo namba yako ilivyokatwa.

Tuanze na kijana. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, ukibofya "Install" fonti inaingia kwenye akaunti yako peke yako. Zamani ilikuwa inaingia kwa wote, kwenye folda ya Fonts iliyo ndani ya Windows, ila ilidai ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Sisi tuliozoea Windows 7 hapo ndipo tunaponaswa. Ifute kwanza uliyoweka, kupitia Settings, Personalization, Fonts. Kisha rudi kwenye faili la fonti, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Install for all users". Itakuomba ruhusa ya msimamizi, ipe. Mwambie kijana aifunge Word na kuifungua upya, maana programu iliyokuwa wazi huenda isiione fonti mpya.

Ukipakua fonti nyingine zikaja kwenye faili la zipu, zitoe humo kwanza. Unachotafuta ni kitu chenye mkia wa .ttf au .otf. Cha .woff ni cha tovuti, Windows haikisakinishi. Na ukikuta "fonti" yenye mkia wa .exe, futa bila kuifungua. Hiyo ni programu, na huijui itafanya nini.

Kabla ya kusakinisha, ibofye mara mbili uitazame. Wengi wanaangalia herufi kubwa zilizopindapinda, wanapenda, wanaweka. Wewe shuka kwenye mstari wa tarakimu na alama. Fonti nyingi za bure za mapambo hazina tarakimu, au hazina kile kialama cha juu cha ng'. Mteja wako ni Nyang'oro, na kima cha mchango ni 50,000/=. Fonti ikikosa alama hizo, kompyuta inaziazima kwenye fonti nyingine na kadi inaonekana imeshonwa viraka. Mimi niliwahi kugundua hilo kadi 200 zikiwa zimeshatoka kwenye printa. Nilizichapa upya kwa hela yangu.

Soma na leseni. Ikiandikwa "personal use" maana yake siyo ya biashara, na kadi unayouza ni biashara. Tafuta zenye leseni ya SIL Open Font License. Hizo unaruhusiwa kuzitumia kazini na hata kumpa mwenzako. Great Vibes ni mojawapo, inafaa majina ya maharusi. Kwa kadi za nikahi zenye Bismillahi juu, jaribu Amiri, iliyofuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa Kariakoo. Usipeleke tena faili la Word. Nenda File, Save As, chagua PDF. Fonti itaingia ndani ya faili lenyewe. Wakikulazimisha uwape linaloweza kurekebishwa, wape na faili la fonti, kama leseni inaruhusu. Kwenye Mac wataibofya mara mbili tu na kukubali kuisakinisha. Wanaotumia CorelDRAW hugeuza maandishi kuwa michoro kwa Ctrl+Q, lakini hapo huwezi tena kusahihisha jina lililokosewa, kwa hiyo nakala ya awali itunze.

Kadi ya juzi ihifadhi kwa PDF leo, ujitumie kwenye simu, uifungue humo. Simu yako haina hiyo fonti. Jina la bibi harusi likitokea na mikia yake yote, panda daladala uipeleke.